Atokako na Aendako: Hotuba kwa Wahitimu wa Masomo ya Hoteli na Utalii

Maneno haya niliyasema mjini Moshi mbele ya wahitimu, wazazi na walimu wao. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani sikuziweka hapa, kwa kuwa sidhani kama kukosekana kwake kunapunguza chochote.

Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi na walezi, ndugu zangu wahitimu: itifaki imezingatiwa.

Naomba nianze kwa swali, na naomba mnijibu kwa mikono. Ni wangapi kati yenu mnaohitimu leo mmewahi kulala hotelini mkiwa wageni? Sizungumzii mafunzo kwa vitendo, wala zamu ya usiku. Nasema umefika na begi lako, umepewa ufunguo, umeoga, umelala, umeamka, umelipa, ukaondoka. Naona mikono, lakini si mingi. Asanteni kwa ukweli wenu. Mmejifunza kwa miaka kutandika vitanda ambavyo wengi wenu hamjavilalia, na hilo si kosa lenu. Ndilo jambo nililokuja kulizungumza.

Nilizaliwa Tabora. Anayeijua Tabora anajua kwamba mji ule ni njia panda. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam ilifika pale mwaka 1912, ikasonga mbele hadi Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1928 likakamilika tawi la kwenda Mwanza. Baadaye likaongezwa lile la Mpanda linalochepukia Kaliua. Kwa hiyo treni ilipoingia Tabora haikuwa inapita tu. Mabehewa yalikatwa na kuunganishwa upya, na watu walisubiri. Wengi walisubiri sakafuni stesheni, wamejifunika khanga na vitenge, vichwa juu ya mizigo yao. Wachache wenye uwezo walivuka barabara na kwenda kulala katika jengo kongwe la enzi za Wajerumani, lenye varanda pana, ambalo sisi watoto wa mji tulilijua kwa jina moja tu: Hoteli ya Reli.

Mama yangu alikuwa akifua na kupiga pasi shuka za hoteli ile. Alizitia wanga wa muhogo, akazianika, akazinyunyizia maji kwa ncha za vidole, kisha akachukua pasi ya mkaa na kuipitisha kwanza juu ya jani la mgomba ili isishike wala kuacha masizi. Shuka ikitoka mikononi mwa mama ilikunjwa mara nne, pembe juu ya pembe, na ole wako uikute na mkunjo usiotakiwa. Kazi yangu ilikuwa kuzibeba kichwani hadi hotelini na kuziingiza kwa mlango wa jikoni. Mlango wa mbele haukuwa wangu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijua tu, namna watoto wanavyojua mambo ambayo hayasemwi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu watu wengi wakisikia mtoto maskini alipenda hoteli hudhani alipenda zulia, vioo na soda baridi. Mimi nilipenda kitabu. Pale mapokezi kulikuwa na mzee aliyevaa shati jeupe lililokwisha kola, na mbele yake kulikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada gumu, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula na wino mwekundu. Safu zake nyinyi mnazijua, maana katika gesti zetu nyingi kitabu hicho kipo hadi leo na polisi huja kukikagua: namba, jina, kabila au uraia, kazi, atokako, aendako, chumba, saini. Mzee alikuwa na macho yaliyoanza kuchoka, na alipogundua kwamba mtoto wa dobi anajua kusoma, alinikalisha kwenye kigoda nyuma ya meza ili nimsomee majina yaliyoandikwa vibaya.

Nilisoma majina, lakini macho yangu yalikimbilia safu mbili za katikati. Atokako, aendako. Atokako Ujiji, aendako Kahama. Atokako Dodoma, aendako Mpanda. Atokako Bukoba, aendako Kilosa. Namkumbuka mgeni mmoja aliyejaza kwamba kazi yake ni fundi saa, ametoka Ujiji, anakwenda Kahama, na mstari ule ulinisumbua siku nzima. Kahama kulikuwa na saa ngapi mbovu, hata mtu atoke ziwani kuzifuata? Siku nyingine alikuja kijana mmoja, akaandika kwenye safu ya aendako neno moja: "popote." Mzee alimrudishia kalamu. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, treni ya popote haijaletwa. Andika kituo." Kijana akacheka, akaandika Itigi.

Nilimuuliza mzee, "Babu, Itigi ni wapi?" Akachovya kidole kwenye chai yake na kuchora mstari juu ya meza, akaweka tone hapa na tone pale: hii Tabora, hii Manyoni, Itigi ni hapa kabla ya Manyoni. Jiografia yangu ya kwanza niliisoma kwa chai ya rangi juu ya meza ya mapokezi. Shuleni tulikuwa na ramani iliyotundikwa ukutani, lakini ramani ile haikuwa na watu. Kitabu cha wageni kilikuwa na watu, na kila mmoja alikuwa na sababu.

Kwa hiyo naomba tuelewane. Aliyevutwa na hoteli utotoni hakuvutwa na jengo. Alivutwa na habari kwamba mahali ambapo yeye amezaliwa na kukulia, mahali anapopaona kuwa ndio ulimwengu wote, kwa mtu mwingine ni kituo cha kulala usiku mmoja tu. Habari hiyo ikikuingia, hutulii tena.

Wapo watakaowaambia kwamba mambo ya hoteli yaliletwa na Wazungu, na kwamba sisi tuliyapokea juzi. Msikubali kirahisi. Ni kweli kwamba kulipa fedha ili upewe chumba chenye namba ni desturi ya karibuni. Lakini kumpokea mgeni asiyejulikana, kumlisha, kumlaza na kumsaidia kazi iliyomleta ni desturi ambayo pwani yetu ilikuwa imeipangia taratibu karne nyingi kabla ya reli. Ibn Battuta, msafiri yule wa Moroko, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliona jambo ambalo ningependa lifundishwe katika kila darasa la mapokezi. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walilifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi sahani mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mfanyabiashara yule alishukia nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alichotaka. Ibn Battuta hakusahau kuandika alichokula pale: wali wa samli wenye kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na pilipili, pamoja na tangawizi mbichi na maembe. Tazameni jambo hili. Karibu miaka 700 imepita. Masultani wa wakati ule wengi hatuwajui majina, lakini tunajua mgeni mmoja alipewa achari gani.

Hata kwetu bara, kabla ya garimoshi, Tabora ilikuwa mji wa kupokea misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na vitambaa na shanga walikuwa na vituo vyao, na waliofika Unyanyembe, yaani eneo hilo la Tabora, walikaa wiki au miezi wakisubiri wenzao, mvua, au mizigo. Kule Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi na mahitaji aliyoahidiwa na Stanley. Alikaa miezi kadhaa. Ukifikiri vizuri, yule naye alikuwa mgeni wa muda mrefu asiyejua ataondoka lini, na kila mhudumu wa hoteli anajua kazi iliyopo katika kumtunza mgeni wa namna hiyo.

Lakini nisiwapambie historia. Hoteli za kisasa zilipoingia katika nchi zetu ziliingia na mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi siku ya Krismasi mwaka 1904, ikawa baraza la masetla hata ikapewa jina la utani la Nyumba ya Malodi, yaani makabaila wa Kiingereza. Dar es Salaam ilikuwa na Kaiserhof ya Wajerumani, ambayo baadaye ikaitwa New Africa. Katika hoteli kubwa za enzi zile Mwafrika alikuwa mpishi, dobi, mtandika kitanda au bawabu. Kuandika jina lake katika kitabu cha wageni lilikuwa jambo jingine. Kule Nyeri, mwaka 1932, ilijengwa Treetops juu ya mti wa mugumo, wageni wapande juu na kukesha wakiwatazama tembo na vifaru wakija kunywa maji. Dunia nzima inajua kwamba Binti Mfalme Elizabeth alikuwa pale mwezi Februari mwaka 1952, usiku ambao baba yake alifariki na yeye akawa malkia. Wachache hukumbuka kilichofuata: mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma moto. Mimi sisherehekei hoteli kuungua. Nasema tu kwamba kwa mtu aliyenyang'anywa ardhi, hoteli iliyojengwa juu ya mti ili wengine walitazame pori lake kwa starehe haikuwa na maana ile ile iliyokuwa nayo kwa mgeni.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, na yalibadilika kwa makusudi. Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, na katika miaka iliyofuata nyumba za wageni zikajengwa mbugani, Seronera na Lobo, katikati ya majabali ya Serengeti, kwa ustadi ambao hadi leo unanistaajabisha: mwamba haukuondolewa, ukuta ndio uliokubali kuupisha mwamba. Mlango wa mbele ukafunguliwa kisheria. Hata hivyo, ndugu zangu, sheria hufungua mlango kwa siku moja, na mazoea huchukua miaka kuufuata. Mama yangu alifua shuka za hoteli hadi mgongo ukamkatalia, na hakuwahi kulala juu ya hata moja kati ya zile alizozipiga pasi.

Mwaka niliomaliza shule niliweka nadhiri kwamba nitakwenda kuona mwisho wa reli. Nilipanda treni ya Kigoma daraja la tatu, nikakaa macho usiku kucha kwa sababu sikutaka Kaliua wala Uvinza vinipite. Asubuhi nikaliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza, na chini bandarini nikaiona Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa ziwani mwaka 1916 na Wajerumani wenyewe wakati wa vita ili adui asiichukue, ikaopolewa na Waingereza, na kurudi kazini mwaka 1927. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi katika safu ya atokako: "Kigoma, kwa meli." Sasa ilikuwa mbele yangu, wanawake wakipandisha magunia ya dagaa.

Usiku ule nililala katika gesti karibu na soko, na huko ndiko nilikopata kuwa mgeni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Chumba kilikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, chandarua kilichofungwa fundo juu, kandambili mbili zisizolingana rangi, ndoo ya maji, na kufuli ambalo ufunguo wake ulifungwa kwa kipande cha ubao chenye namba iliyochongwa kwa kisu. Umeme ulikatika saa mbili. Mama mwenye gesti aliniletea koroboi, akaniuliza maswali mawili: "Umekula?" na "Kesho unaondoka saa ngapi?" Nilimwambia kwamba meli inaondoka mchana lakini nataka kwenda Ujiji alfajiri. Akasema, "Nitakugongea saa kumi na moja."

Sikulala vizuri, kwa sababu sikuamini. Huyu mama hanijui, nimelipa pesa kidogo, kwa nini akatishe usingizi wake kwa ajili yangu? Saa kumi na moja kamili mlango uligongwa. Taratibu, mara tatu, kisha sauti: "Mgeni, kumekucha." Nje kulikuwa na maji ya moto kwenye ndoo, yamefunikwa kwa sinia yasipoe.

Nimelala katika hoteli nyingi tangu siku hiyo, zikiwemo zile zenye simu ya kukuamsha kwa sauti ya mashine, na nyingine zenye bafu kubwa kuliko chumba kile cha Kigoma. Lakini nikiulizwa ni wapi nilipoupata moyo wa kusafiri, jibu langu ni mlango ule. Kusafiri kunahitaji nauli, ndiyo, na kunahitaji muda. Lakini kabla ya hivyo kunahitaji imani kwamba kule usikokujua kuna mtu atakayegonga mlango kama alivyoahidi. Asiye na imani hiyo, hata umpe tiketi, atabaki nyumbani akitoa visingizio. Na imani hiyo haitengenezwi na wizara wala na matangazo ya televisheni. Wanaoitengeneza ni watu wa kazi yenu, usiku mmoja baada ya mwingine, kwa mgeni mmoja baada ya mwingine.

Niruhusuni niseme jambo kuhusu mahali hoteli zinapojengwa, kwa sababu vitabu vyenu vya biashara vinalitaja harakaharaka. Hoteli husimama mahali ambapo siku inamwishia msafiri. Misafara ya miguu ilikuwa na vituo vyake, treni ikawa na vyake, na mabasi yakaja na vyake. Serikali ilipopiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku katika miaka ya 1990, kutokana na ajali, basi lililotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba lilikuwa likilala njiani. Wengi wenu hamkuyaona hayo. Abiria walishuka Kahama usiku wamevimba miguu, wakasambaa gesti za karibu na stendi, na alfajiri walinzi wakapita wakigonga milango na kuita, "Abiria wa Bukoba! Abiria wa Bukoba!" Mji mzima ulikuwa ukiamka kwa ajili ya wapita njia. Nilikuwa nikisikia jina la Kahama likiitwa ndani ya basi, namkumbuka yule fundi saa.

Marufuku ile iliondolewa mwaka 2023. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, safari ya saa chache tu ambayo zamani ilikuwa ya usiku kucha. Ni maendeleo, na mimi ni mmoja wa wanaoifurahia, ingawa nakiri kwamba nikiwa ndani yake huwa natamani ichelewe kidogo. Lakini nawauliza nyinyi mtakaosimamia nyumba hizi: ikiwa mgeni halazimiki tena kulala kwenu kwa sababu giza limemkuta, atalala kwa sababu gani? Zamani uchovu ulimleta. Sasa hataletwa na uchovu. Itabidi aje kwa sababu anakutaka wewe, mji wako, chakula chako na habari ulizonazo. Mwenye gesti wa kando ya stendi anayedhani wateja watarudi wenyewe atangoja sana.

Nairobi wana hadithi nzuri juu ya hili. Katika Hoteli ya Stanley, mwaka 1959, ulifunguliwa mkahawa chini ya mti wa mgunga, na wasafiri wakaanza kubandika karatasi kwenye shina lake. Huyu anamwandikia rafiki yake kwamba ametangulia Kampala. Yule anatafuta mwenzake wa kuchangia gari kwenda kaskazini. Mwingine anauza hema. Wageni hawakwenda pale kwa ajili ya kahawa peke yake. Walikwenda kwa sababu mtu alikuwa na busara ya kuuacha mti ule ufanye kazi ambayo kitabu cha mzee wangu wa Tabora kilikuwa kikiifanya, yaani kuwaonesha watu waliopo njiani kwamba hawako peke yao njiani.

Niliwahi pia kuona kinachobaki hoteli ikipoteza watu wa kuihudumia. Nilipokuwa Msumbiji nilikwenda Beira kuliona jengo la Grande Hotel. Lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1950, enzi za Wareno, likiwa miongoni mwa hoteli za fahari kubwa katika bara hili, na halikumaliza hata miaka kumi likiwa hoteli, kwa sababu wageni hawakutosha kulipia gharama zake. Leo wanaishi humo zaidi ya watu elfu moja, familia kwa familia, wengi wao wazao wa waliokimbia vita. Mbao za sakafu zilishachomwa kuni, lifti zimebaki mashimo, na miti imeota juu ya ukuta. Bwawa la kuogelea lipo bado. Watu hufulia nguo pale.

Nilisimama kando ya bwawa lile nikaikumbuka hoteli nyingine, Mille Collines ya Kigali, ambako mwaka 1994 watu zaidi ya 1,200 walijificha wakati wa mauaji ya kimbari, na maji ya mjini yalipokatwa walichota ya bwawa la kuogelea kwa kunywa na kupikia. Mabwawa mawili yaliyochimbwa kwa anasa, na yote mawili siku ilipofika yakawa kisima. Sijui kama wasanifu wa majengo wanafundishwa jambo hilo. Naona lingefaa.

Pale Beira, katika ukumbi ambao zamani ulikuwa wa mapokezi, palikuwa na mama aliyetandaza nyanya na mafungu ya mkaa. Hatukuwa na lugha moja. Kireno changu ni cha salamu tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache aliyoyaokota kwa madereva wa malori. Aliponiona nimesimama kama mtu aliyepotea, alifuta kigoda kwa upindo wa kitenge chake, akanisogezea, kisha akaniuliza kwa Kireno swali ambalo nililielewa bila kutafsiriwa, kwa sababu ndilo swali la kwanza katika kazi yenu: unatoka wapi? Nikamwambia Tanzania, Tabora. Akarudia, "Tabora," akatikisa kichwa. Kwa dakika zile chache hoteli ile, isiyo na kitanda hata kimoja cha kukodisha, ilikuwa na mpokeaji wageni.

Ndugu wahitimu, mtaingia kazini na kukuta kompyuta mahali pa kitabu. Itawauliza namba ya pasipoti, barua pepe na namba ya kadi. Safu ya atokako na aendako itakuwepo au haitakuwepo, na ikiwepo itajazwa ili polisi wakija waikute. Nawaomba muulize kwa midomo yenu. Muulize mkijua kidogo kuhusu jibu. Mgeni akikwambia ametoka Mbeya, uwe umewahi kuiona Mbeya. Akisema kesho anakwenda Lushoto, umweleze barabara inavyopanda kutoka Mombo, na kwamba akae upande usiomwonesha bonde ikiwa ana kizunguzungu. Utayajua hayo kwa kusoma? Kidogo. Utayajua kwa kwenda.

Najua mnachosema moyoni. Mnasema, mama huyu anazungumza kwa raha, mshahara wa kuanzia tunaujua. Ni kweli, na sitajifanya sijui. Hoteli nyingi zina bei ya wakazi, na katika miezi ya masika, Aprili na Mei, bei hiyo hushuka zaidi kwa sababu vyumba viko wazi. Wengi wetu hatuulizi kwa sababu ya yale mazoea ya mlango wa nyuma niliyoyataja. Na gesti za mikoani ziko ndani ya uwezo wa mtu anayejibana. Lakini kuwaambia tu "safirini" na kushuka jukwaani kungekuwa ni kuwaachia mzigo wote nyinyi, kwa hiyo nimekuja na pendekezo, na Mkuu wa Chuo amekubali nilitangaze.

Kuanzia darasa lijalo, kila mwanafunzi kabla ya kwenda mafunzo kwa vitendo atalala usiku mmoja akiwa mgeni, katika hoteli au gesti ya mji asioujua. Ataingia kwa mlango wa mbele, atajaza kitabu, atalipa, na atadai risiti. Hatasema kwamba yeye ni mwanafunzi. Akirudi ataandika kurasa mbili: nani alimpokea, aliulizwa nini, shuka zilikuwaje, nani alimwamsha, na ni jambo gani alilotamani kuuliza akaogopa. Kurasa hizo zitasomwa darasani na mwalimu wa mapokezi. Mimi na wenzangu wachache tumechanga fedha za chumba na nauli ya basi kwa darasa zima la kwanza, na wazazi mlioko hapa mnaotaka kuchangia darasa la pili mtaona daftari kwenye meza ya kushoto mkitoka. Wahitimu wa leo hamumo katika mpango huo, na nasikitika, lakini yeyote kati yenu atakayefika Tabora na aniandikie mapema. Nitamwelekeza gesti nzuri, na treni ikichelewa nitakuwa stesheni.

Hongereni sana, na asanteni kwa kunisikiliza.